Sambaza hakuzaliwa Kivu: historia ya samaki aliyepandwa kama mbegu



Mwulize mtoto yeyote wa Goma ataje samaki wa ziwa letu. Atakuambia sambaza, hata kabla hujamaliza kuuliza. Bugali na sambaza, sombe na sambaza, sambaza wa kukaanga kwenye sahani ndogo pembeni ya chupa ya bia. Wanafunzi wa homu wanamjua vizuri zaidi, juu mwisho wa mwezi yeye njo nyama inayobaki. Kwa hiyo wengi wetu tunadhani yuko humu tangu Mungu aliposema maji na yakusanyike.

Hapana. Sambaza ana umri wa wazee wetu, si umri wa ziwa. Siku Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa mgeni ambaye hakuna aliyejua kama atapona. Babu yako aliyezaliwa Kalehe au Idjwi katika mwaka wa 1940 alipita utoto wake wote bila kuonja sambaza wa Kivu. Hakuwepo. Aliletwa kwa mikono ya watu kutoka Tanganyika, akamwagwa ndani ya maji kama mkulima anavyomwaga mbegu.

Mimi ni mtu wa agro, si mwanahistoria. Lakini historia hii ninaiona ni yetu sisi tunaotoka na lisansi tukitafuta projé za samaki, tilapia na mabwawa. Ninasema mapema wazo langu ili nisikuzungushe: kumpanda samaki huyu kulichukua kama miaka miwili tu, lakini kumfuata, kumhesabu na kumtunza ni kazi ambayo hadi leo haijapata mwenyewe. Na shamba lisilopimwa, hata likizaa sana, siku likigoma hutajua lilianza kugoma lini.

1. Ziwa lenye shamba tupu katikati

Tuanze na ziwa lenyewe. Kivu iko kwenye mwinuko wa mita karibu 1,460 juu ya bahari, ina kilomita za mraba karibu 2,400, na mahali penye kina zaidi inashuka hadi mita 485. Zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa ziwa Edouard. Halafu volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakapanda, yakatafuta pa kutokea, yakapasua kusini kupitia Ruzizi hadi Tanganyika.

Hapo kuna jambo la kukumbuka. Maji ya Kivu yanashuka Tanganyika, lakini samaki wa Tanganyika hawapandi Kivu. Tanganyika iko chini, kwenye mita karibu 770, na maporomoko ya Ruzizi ni kama ngazi ambayo samaki wadogo hawaiwezi. Ndiyo maana samaki wa asili wa Kivu ni ndugu wa wale wa upande wa Edouard kuliko wale wa Uvira. Aina zao ni chache, hazifiki 30, na nusu hivi ni haplokromisi, vile visamaki vya mawe ambavyo watoto wa ufukweni wanavua kwa ndoano. Zaidi yao kuna tilapia, kambale na wengine wachache.

Jambo la pili ni gesi. Sisi watu wa Goma tunaisikia kila siku: metani na gesi ya kaboni zimelala chini ya ziwa. Kwa samaki maana yake ni moja. Oksijeni inapatikana katika mita 60 hivi za juu tu, wakati mwingine kidogo zaidi, wakati mwingine chini ya hapo. Zinazobaki, mita mia nne na zaidi, samaki hana maisha humo. Tena mbolea ya asili ya ziwa, yaani chumvi chumvi zinazolisha mimea midogo ya majini, imefungiwa huko chini na haipandi kwa urahisi. Kwa lugha ya shamba: udongo mzuri uko chini, na mizizi haifiki.

Sasa, katika hizo mita 60 za juu, mbali na ukingo, kulikuwa na chakula. Vijidudu vidogo vya majini, tunaviita zooplanktoni, vilikuwa vinaelea kwa wingi na hakuna samaki wa kuvila. Tilapia na haplokromisi wanakaa ukingoni, kwenye mawe na matete. Katikati palikuwa shamba lenye majani bila ng'ombe hata mmoja. Wanasayansi Wabelgiji waliopita hapa, kama Hubert Damas katika miaka ya 1935 na 1936, na baadaye wale wa misheni iliyochunguza Kivu, Edouard na Albert kati ya 1952 na 1954, walipima kina, joto, gesi na viumbe vya ziwa. Picha iliyotoka kwao ilikuwa ya ziwa kubwa lenye samaki kidogo.

2. Vifaranga elfu hamsini na saba

Tukumbuke pia hali ya wakati ule. Milima ya Kivu ilikuwa na watu wengi, mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini yalihitaji vibarua, na vibarua wanahitaji kula. Serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 na 1950 ilisukuma sana kufuga samaki: mabwawa ya tilapia yalichimbwa kila mahali katika Kongo, wakati mwingine kwa lazima. Kwa hiyo wazo la kugeuza ziwa zima kuwa bwawa halikutoka hewani. Lilikuwa wazo la enzi yake, na walioamua hawakumwuliza mvuvi wa Idjwi anaonaje.

Jibu lilikuwa karibu, chini ya mlima. Ziwa Tanganyika lina samaki wawili wadogo wa jamii ya sadini wanaokula zooplanktoni. Wa kwanza ni yule ambaye Uvira na Bujumbura wanamwita ndagala, kwa jina la kisayansi Stolothrissa tanganicae. Wa pili ni mnene kidogo, wenyewe wanamwita lumbu, yaani Limnothrissa miodon. Kule Tanganyika hawa wawili njo kapu la chakula la ziwa: mikebuka na jamii ya sangala wanawafuata usiku na mchana kuwala wakiwa hai. Wao wanakula vijidudu, wakubwa wanawala wao, na mtu anawala wote.

Kati ya 1958 na 1960, vifaranga zaidi ya 57,000 vya aina hizo mbili vilichukuliwa kaskazini mwa Tanganyika vikamwagwa katika Kivu. Aliyeiandika kazi hiyo ni Mbelgiji A. Collart, katika jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji la 1960. Ukisikia elfu hamsini na saba unaona ni wengi. Lakini sadini si tilapia. Tilapia unaweza kumweka kwenye bidoni, ukampandisha moto mpaka Bukavu, akafika akiwa anapepea. Sadini ukimshika tu anapoteza magamba, na akipoteza magamba anakufa. Halafu unamtoa kwenye joto la bonde unampeleka kwenye baridi ya mlima, maji yenye chumvi tofauti. Ukigawa hao elfu hamsini na saba kwa kilomita za mraba za ziwa, ni samaki kama 24 kwa kila kilomita ya mraba, kabla hujatoa waliokufa. Mkulima yeyote angesema mbegu hiyo ni kidogo mno.

3. Aliyetarajiwa alikufa, mwenzake akabaki

Hapa njo mahali ninapotaka tusimame. Katika wale wawili, aliyetazamiwa zaidi alikuwa ndagala. Hata kichwa cha makala ya Collart kinamtaja yeye. Ni mvumilivu wa maji ya wazi, kule Tanganyika anavuliwa kwa tani na tani. Lakini katika Kivu ndagala hakubaki. Aliyebaki ni lumbu, yule wa pili, na sisi tukampa jina la sambaza.

Kwa nini? Maelezo yanayokubalika ni kwamba lumbu si mchaguzi. Anataga mayai karibu na ukingo, watoto wake wanakulia kwenye maji ya kina kidogo, halafu wakikomaa wanakwenda katikati. Ndagala yeye maisha yake yote ni ya maji makubwa. Na kwa chakula pia: sambaza anakula zooplanktoni, lakini vikipungua anakula viluwiluwi vya wadudu, anakula wadudu walioanguka majini, na, watafiti walioyapasua matumbo yake waliona, anakula hata watoto wa sambaza. Ndiyo, wakubwa wanakula wadogo wao wenyewe. Katika ziwa maskini, sambaza anajizalia chakula cha dharura.

Msome hilo kama mtu wa shambani, si kama hakimu. Ina maana kwamba vifaranga vya ukingoni vina kazi mbili: ni kizazi kijacho, na ni chakula hai cha kizazi cha leo wakati wa njaa. Ukiviharibu ukingoni, umepunguza vyote viwili kwa pigo moja. Nitarudi hapo.

4. Miaka ya kimya

Baada ya 1960, nani alibaki kuangalia mbegu imeota au haikuota? Hakuna mtu. Wabelgiji waliondoka, vitabu wakaondoka navyo. Mashariki ya Kongo ikaingia katika maasi ya 1964, Bukavu ikashikwa na mamluki wa Schramme katika 1967. Katika hali ile, nani angekwenda kupima samaki wenye ukubwa wa kidole?

Samaki waliendelea na kazi yao bila sisi. Katika miaka ya 1970 watafiti waliandika kwamba Limnothrissa yupo, tena kwa wingi, pande zote za ziwa. Kumbe kwa zaidi ya miaka kumi utajiri ule ulikuwa unaogelea usiku juu ya vichwa vyetu na nyavu za kuuvua hazikuwepo. Wavuvi wetu walikuwa na ndoana, mitego na nyavu za ukingoni, zilizofaa tilapia na haplokromisi.

Kutoka 1979, Umoja wa Mataifa kupitia FAO na PNUD walianzisha projé ya uvuvi upande wa Gisenyi. Ndani ya miaka ile njo ulienea ule uvuvi tunaouona hadi leo, na ambao asili yake ni wavuvi wa Tanganyika: mitumbwi mitatu inafungwa sambamba kwa miti mirefu, wavu mpana unashushwa chini, taa zinawashwa juu ya maji. Vijidudu vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vijidudu, wavu unainuliwa. Kwa hiyo hata kuvuliwa kwake ni habari ya chakula hai: mvuvi hamwiti sambaza, anaita chakula chake.

Ndiyo maana mwezi mpevu ni adui wa mvuvi. Usiku ukiwa na mwanga kila mahali, taa yake haina faida, na asubuhi bei inapanda. Wanaonunua Kituku alfajiri wanaijua kalenda hiyo kuliko sisi wenye diplome. Na zile nyimbo unazosikia jioni wakati mitumbwi inatoka, wavuvi wakipiga kafi kwa sauti moja, wengi wanaziita mila ya kale. Nyimbo zenyewe zinaweza kuwa za kale. Lakini mitumbwi mitatu na sambaza ni mambo ya wazazi wetu.

Upande wetu pia, watu wa sayansi wa Bukavu, hasa wa ISP, walifanya kazi kubwa kumchunguza samaki huyu katika miaka ya 1980 na 1990, mara nyingi kwa njia kidogo sana. Tukizungumza sayansi ya ziwa, tusianze kila mara na mzungu. Kaningini na Isumbisho ni majina ya kwetu, na yanatajwa katika kila kazi ya maana juu ya Kivu.

5. "Janga lingine?"

Si kila mtu alifurahi. Katika 1986 Henri Dumont, profesa wa Gent katika Ubelgiji, aliandika makala akiuliza kama sadini wa Tanganyika katika Kivu ni janga lingine la mazingira kwa Afrika. Hoja yake ilikuwa hivi: sambaza amekula vijidudu vikubwa mpaka vimepungua sana, na mmoja wao, Daphnia curvirostris, ametoweka kabisa. Vijidudu vikiisha, samaki watakufa njaa, na uvuvi utaanguka.

Alikuwa na haki? Nusu. Daphnia yule kweli hakuonekana tena, na watafiti waliopima zooplanktoni nusu karne baada ya 1959 walikuta imepungua ukilinganisha na zamani. Shamba lilibadilika, na halitarudi lilivyokuwa. Lakini uvuvi haukuanguka. Wakati watafiti walipopima tena samaki kwa vyombo vya sauti katika 2008, walikadiria ziwa zima lina sambaza tani elfu tano hadi sita hivi, kiasi kinachokaribia kile cha miaka ya 1980. Vijidudu vidogo vilijifunza kuishi na mlaji, na mlaji akajifunza kuishi na kidogo. Haplokromisi wa ukingoni nao wapo bado.

Tani elfu tano au sita, ziwa zima, nchi mbili. Hiyo ni akiba inayoogelea, si mavuno, na kwa sababu samaki huyu anazaa haraka, mavuno ya mwaka yanaweza kuwa makubwa ukiwaacha wakue. Lakini gawanya akilini mwako kwa wakazi wa Goma, Bukavu, Gisenyi, Idjwi, Kalehe na Minova. Utaona kwamba sambaza si bahari. Ni sahani moja kubwa yenye mikono mingi.

6. Maziwa mengine yalipanda nini?

Ili tuelewe bahati yetu, tuangalie majirani. Katika ziwa Victoria, miaka ya 1950, walimwaga sangala. Wazo lao lilikuwa kinyume cha letu. Ziwa lilikuwa limejaa haplokromisi, wadogo, wenye mifupa, wasio na bei. Wakasema: tuweke samaki mkubwa awale hao wadogo, sisi tumle yeye. Yaani aina mamia za samaki wa asili zikageuzwa chakula hai cha mgeni mmoja. Katika miaka ya 1980 sangala alijaa, viwanda vya kusafirisha minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na Entebbe, na aina nyingi za haplokromisi zikapotea duniani kabisa, juu hazikuwepo mahali pengine.

Ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilipata sambaza kama sisi. Ni ziwa lililotengenezwa na bwawa la umeme, halikuwa na samaki wa maji ya wazi, na katika 1967 na 1968 walileta vifaranga kutoka Tanganyika. Kule wanamwita kapenta. Alistawi, na hakuuliza ruhusa kushuka na mto Zambezi mpaka Cahora Bassa katika Msumbiji. Aliyemwachia Kariba hakumwachia Cahora Bassa, lakini samaki hasomi mipaka.

Kwa hiyo maziwa matatu, majaribio matatu, matokeo matatu. Katika Kivu mgeni alikula vijidudu, na hakuna kundi la samaki wakubwa wa katikati ya ziwa wa kumwinda kama mikebuka anavyofanya Tanganyika. Nani basi alichukua nafasi ya mikebuka? Sisi. Ndege wanaokula samaki wana sehemu yao, lakini mlaji mkuu wa sambaza ni mtu. Mikebuka hana haja ya takwimu: ndagala wakipungua, naye anapungua. Mtu hapungui hivyo. Sambaza wakipungua, mtu anapunguza tundu za wavu.

7. Kinachotuhusu leo

Nilipokuwa ninatafuta takwimu za mavuno kwa ajili ya memware, ofisi moja ilinionyesha daftari. Kurasa za miezi mitatu zilijazwa kwa mwandiko mzuri, kilo kwa kilo, siku kwa siku. Baada ya hapo kurasa nyeupe. Niliuliza sababu. Baba mmoja akaniambia kwa upole: "Mtoto yangu, ile projé iliisha. Nani atalipa mwenye kuandika?" Sitaji ofisi, juu shida si ofisi moja. Ndivyo hadithi yote ya sambaza ilivyo tangu 1960. Projé inakuja, inahesabu, inaisha, na samaki wanabaki bila daftari. Vita vya 1994 na 1996, lava ya 2002 iliyoingia ziwani, na yote yaliyofuata, kila moja ilifunga daftari fulani.

Na wakati daftari zimefungwa, tazama ukingo. Kuna watu wanaovuta vyandarua vya mbu kwenye maji ya kina kidogo, mchana kweupe. Wanachotoa ni vifaranga vya sambaza vyepesi kama uzi, pamoja na watoto wa tilapia. Sitawahukumu haraka. Mama aliyekimbia shamba lake Masisi au Rutshuru, anayelala Goma na watoto watano, ukimwambia asubiri vifaranga vikue atakuuliza asubiri akila nini. Lakini nilisema ukingoni njo shule ya watoto wa sambaza, na ni ghala la dharura la wazazi wao. Kilo moja ya vifaranga ni maelfu ya samaki ambao hawatazaa.

Upande wa Rwanda, kila mwaka uvuvi wa sambaza unasimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane. Upande wetu, kusimamisha kunatangazwa mara nyingine na kufuatwa mara chache. Lakini ziwa ni moja. Sambaza anayezaliwa Nyamyumba anaweza kukomaa mbele ya Goma na kukaangwa Birere. Kama mmoja anapumzisha shamba na mwenzake analima nusu ile ile usiku huo huo, shamba halijapumzika.

Kuna la mwisho, na hili ni letu hasa sisi wa agro. Katika 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana katika Kivu: Lamprichthys tanganicanus, mwembamba, mwenye alama za bluu zinazong'aa, yule ambaye watu wa Ulaya wanamfuga kwenye vioo vya maji nyumbani kwa uzuri wake. Hakupandwa na serikali. Ameenea, anazaa, na watafiti wamekwisha kuuliza kama anagombania vijidudu vile vile na sambaza. Baada ya yote tuliyoyaona Victoria na Kariba, samaki mzima ameingia ziwani kwetu na hakuna karatasi hata moja iliyotangulia.

Kwa hiyo ninaposikia wenzetu wakisema, "Tulete sangala Kivu, tutatajirika," au "Tulete tilapia wa haraka kutoka nje, tumweke kwenye vizimba," sisemi hapana kwa kila kitu. Vizimba vya tilapia vinaweza kulisha watu. Lakini ninauliza maswali matatu, na ninaomba tuyaulize wote kabla ya kuandika projé. Samaki huyu atakula nini humu, na ni nani anayekula kitu hicho leo? Akitoroka, nani ataweza kumrudisha? Na baada ya miaka kumi, pesa za projé zikiisha, nani atashika daftari?

La tatu njo gumu zaidi. Wale wa 1959 walijibu la kwanza vizuri kidogo, la pili hawakulijali, la tatu hawakulifikiria kabisa. Tulipona juu ya bahati: samaki ambaye hakutazamiwa sana alikuwa mvumilivu kuliko aliyetazamiwa. Kama wangeleta sangala badala ya sadini, leo tungekuwa tunaandika historia nyingine.

Ninapendekeza jambo dogo, na si la pesa nyingi. Chama chetu kina watu wa agro, wa takwimu, wa biolojia, na wanafunzi wanaotafuta somo la TFC kila mwaka. Tuchague mahali pawili pa kushushia samaki, Kituku na pengine pamoja. Kila mwanafunzi ashike mwezi mmoja: kilo zilizoshushwa, mitumbwi mingapi ilitoka, mwezi wa mbinguni ulikuwaje, urefu wa samaki mia moja, bei ya kipimo kimoja. Anayemaliza anampa anayefuata daftari lile lile, si lake jipya. Bamama wanaouza watatusaidia tukiwaheshimu na kuwarudishia tulichoandika, juu wao wana kumbukumbu ya miaka ishirini kichwani na hakuna aliyewauliza.

Mwaka mmoja hautathibitisha kitu. Miaka mitano itaanza kusema. Miaka kumi itakuwa na uzito kuliko projé nyingi zilizopita hapa na magari yao meupe. Walioandaa shamba hili hawakubaki kulilinda, na sisi hatukuombwa ruhusa lilipopandwa. Lakini ndio tunaokula kutoka humo kila siku, tena na kichwa chake na mifupa yake. Anayekula shamba lote namna hiyo anastahili angalau kujua limebaki na kiasi gani.

Wenye nafasi ya kuanza Kituku mwezi ujao, waandike majina. Mimi ninaanza na mwezi wa kwanza.